"Si umenipa taa kaka!" Barua ya wazi kwa wakubwa wa barabara na wauza magari

Shikamooni wakubwa zangu.

Nawaandikia nyie wa Kikosi cha Usalama Barabarani, nyie wa Shirika la Viwango (TBS) mnaoshughulika na ukaguzi wa magari yaliyotumika, LATRA mnaodhibiti usafiri wa nchi kavu, wizara, walimu wa shule za udereva, na nyie wenye yadi mnaotuuzia magari hapa mjini. Nimewaweka wote kwenye barua moja maana hili jambo kila mmoja ana kipande chake na hakuna ambaye ni la kwake peke yake, na nadhani ndo maana limekaa tu halina mwenyewe.

Ni kuhusu taa. Hizi taa za mbele zinazojiwasha na kujizima zenyewe, ile swichi yake imeandikwa AUTO.

Nianze na kilichonikuta. Ilikuwa mwezi wa nne, saa kumi na moja jioni, mvua imekatika muda si mrefu na mbingu bado nzito, natoka mjini nimepita njia za ndani za Upanga nikwepe foleni. Kuna mtaa pale miti yake mikubwa imekutana juu, ukiingia unatoka kwenye mwanga unadumbukia kwenye kivuli ghafla. Mbele kushoto kuna bajaji imesimama kwenye kinjia, inasubiri kuingia barabarani. Mimi natembea taratibu, arobaini hivi, njia ni yangu, sina habari. Nikaingia kwenye kivuli na taa zikawaka zenyewe. Yule wa bajaji akaona taa, akanyanyua mkono kushukuru, akaingia. Nilikanyaga breki mpaka matairi yakalia, gari ikasimama imebaki kama hatua moja nimpige ubavuni, na upande huo huo alikuwa amekaa mama na mtoto wa shule, bado ana begi mgongoni. Yule mtoto alikuwa ananiangalia mimi moja kwa moja, wala hakulia. Ile sura ninayo mpaka leo.

Nikashuka miguu inatetemeka, nikamwambia ndugu yangu vipi, mbona unaingia hivyo. Akanijibu kwa mshangao kabisa, wala hakuwa na ugomvi: "Si umenipa taa kaka!"

Na kweli taa kapewa. Ila mimi sikumpa.

Wakubwa, nyie barabara za hapa mnazijua kuliko mimi. Kwetu taa sio ya kuonea tu, watu tunaongea kwa taa. Unampa mtu taa anajua apite. Lori linakuja na mzigo wake linakupa taa unajua ukae huko huko, linapita lenyewe. Unatoka Chalinze unakutana na gari inakupa taa, unajua mbele kuna trafiki na tochi ya kupima spidi, najua hilo hamlipendi ila lipo. Mtu akikuchezeshea kiganja, anafunga anafungua, anakwambia umesahau taa zinawaka mchana. Hakuna aliyefundishwa haya darasani na kila mtu anayaelewa, wa daladala, wa bodaboda, wa guta, mpaka mama anayevuka na ndoo kichwani anajua akipewa taa avuke. Sasa leo kuna maelfu ya gari zinazotoa taa bila dereva kujua. Inapita chini ya daraja pale Ubungo inatoa taa, inapita chini ya miti inatoa taa, inaingia kwenye kivuli cha ghorofa mjini inatoa taa, alafu inazima, na yule anayesubiri upande wa pili yeye anaona ameruhusiwa.

Siku ile nilivyofika nyumbani Tabata nikaanza kusoma, nilitaka kuelewa gari yangu imefikiria nini. Kumbe haifikirii chochote. Kuna kidude kidogo cheusi kimekaa juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele, hiyo ndo sensa, kazi yake ni kupima mwanga tu. Kwenye kanuni za kimataifa za taa za magari wameandika mwanga ukishuka chini ya lux 1000 (lux ni kipimo cha mwanga) taa ziwake ndani ya sekunde 2, ukipanda juu ya lux 7000 zizime lakini zisubiri kwanza, zaidi ya sekunde 5 na zisivuke sekunde 300. Hapo katikati mtengenezaji anaamua mwenyewe. Jua la saa sita la hapa Dar linafika kwenye lux laki moja, ukishazoea mwanga wa namna hiyo wala hujui kwamba chini ya miembe jioni ya mawingu umeshuka mpaka chini ya elfu moja, jicho lako linajirekebisha lenyewe na unaona fresh tu. Sensa haina kujirekebisha. Inawasha.

Japani wamelifanya lazima. Kuanzia mwezi wa nne mwaka 2020 gari za abiria za muundo mpya zinazotoka kule lazima ziwe na taa za kujiwasha, na wana sababu ya maana, ajali za kugonga watu wanaotembea kwa miguu zilikuwa zinajaa muda ule wa jua kuzama, wazee ndo wanaumia sana, madereva wanachelewa kuwasha. Siwapingi hata kidogo. Kuna watu wako hai kwa sababu ya hiyo swichi. Lakini gari nyingi tunazoendesha hapa zimetoka huko, tumepokea chombo na maelekezo yamebaki huko huko.

Nikisema maelekezo yamebaki namaanisha kweli. Fungua kidroo cha hapo kwa abiria kwenye gari yoyote iliyoshuka na meli kutoka huko, kitabu kipo, kimeandikwa Kijapani mwanzo mwisho. Washa skrini, Kijapani. Kwenye gari nyingi kuna sehemu ya kurekebisha ile sensa iwe inawahi au inachelewa kuwasha, ipo ndani huko kwenye menyu, tena Kijapani, au mpaka fundi umeme aichomekee mashine. Mimi nimeendesha gari yangu miaka miwili sijui kama kuna kitu kama hicho. Siku nanunua, yule kijana wa yadi alinionyesha redio, alinionyesha kamera ya nyuma, alinionyesha mlango unavyojifungua, akanipa funguo. Taa hakuna aliyezitaja.

Shemeji yangu yeye ana ya mwaka 2021, na hii naomba niieleze taratibu maana ilikaribia kuwa mbaya. Tulikuwa tunaenda msibani usiku, tukapita kwenye geti moja lina mlinzi mwenye bunduki. Mnajua utaratibu wa geti usiku, unazima taa za mbele, unawasha ya ndani, mlinzi aone sura zenu. Shemeji akazungusha swichi kwenda OFF. Ikarudi yenyewe. Akazungusha tena, ikarudi tena AUTO, kama kitu chenye springi. Gari bado inasogea kidogo kidogo, taa zimempiga yule baba usoni, anapiga kelele zima taa, zima taa wewe, na sisi ndani tunahangaika na kijiti, mkono wa mlinzi umeshaenda kwenye mkanda wa bunduki. Mpaka nikafungua mlango nikanyoosha mikono nje nikasema mzee wangu samahani gari haizimi taa. Ilibidi shemeji azime gari kabisa. Baadaye sana ndo tukaja kuelewa kwamba gari za kuanzia kipindi hicho zimetengenezwa usiweze kuzima taa za mbele usiku gari ikiwa inatembea, mpaka usimame kabisa, na hata ukisimama gari zingine unatakiwa uishikilie ile swichi pale OFF kwa muda ndo inakubali. Kitu cha sekunde mbili kumwelekeza mtu. Hakuelekezwa, na kuna usiku mwingine na mlinzi mwingine ambaye hatasubiri maelezo.

Hayo ni ya taa kuwaka pasipotakiwa. Kuna la pili ambalo mimi naliona kubwa kuliko hilo, la taa kutokuwaka panapotakiwa.

Sensa inapima mwanga, mvua haiijui. Masika ikimwagika saa nane mchana pale Kimara huoni mita hamsini mbele, lakini mbingu bado nyeupe, sensa inasema mchana huu, taa hazihitajiki. Gari zingine zimeunganishwa na waipa, ukiwasha waipa na taa zinakuja, nyingi hazina hiyo. Dereva ameweka AUTO ametulia, anaamini gari inajua. Na kwa mbele ana zile taa nyembamba za mchana zinazowaka muda wote, zile ambazo Ulaya walizilazimisha kwenye gari za abiria za muundo mpya toka mwezi wa pili 2011, kwahiyo akiangalia mbele anaona mwanga wake kwenye maji, anajua nimewasha. Nyuma hamna kitu. Gari nyingi hizo taa za mchana haziwashi za nyuma. Mimi nimemfuata mtu wa hivyo barabara ya Bagamoyo kwenye mvua, gari ya rangi ya kijivu, nyuma nyeusi tii, nimekuja kumwona alivyokanyaga breki.

Na usiku iko hivyo hivyo. Zamani ukisahau kuwasha taa dashibodi inakuwa giza, huoni spidi, unakumbuka. Siku hizi dashibodi inawaka muda wote, mchana usiku, inang'aa vizuri, na mji umejaa taa za barabarani, ukipita Daraja la Tanzanite usiku kunawaka kama mchana. Unachohitaji ni dogo wa kuosha gari akiwa anafuta ndani aguse ile swichi, itoke AUTO iende OFF kwenye hizi gari ambazo bado zina OFF ya kukaa, na wewe hujaiangalia swichi miezi sita kwa sababu uliambiwa inajiendesha. Unatoka Masaki mpaka Mbagala nyuma huna taa hata moja na unajiona uko sawa kabisa. Hawa watu tunawaona kila siku, tunawapigia honi, tunawapa taa, hawaelewi tunasema nini.

Kanada walikuwa na shida hii hii na wakaitungia kanuni. Kuanzia mwezi wa tisa 2021 gari mpya za kule lazima mtengenezaji achague, ama taa za nyuma ziwake pamoja na hizo za mchana, ama taa zote zijiwashe giza likiingia, ama dashibodi ibaki giza mpaka dereva awashe mwenyewe ili ashtuke. Hiyo ya tatu naipenda sana kwa sababu haihitaji teknolojia yoyote, ni kumwachia mtu giza kidogo ili akumbuke.

Ful ya kujiendesha, yaani zile taa kali za kuona mbali, nayo nitaigusa kidogo. Kuna gari kamera imekaa nyuma ya kioo cha mbele, inawasha ful yenyewe ikiona mbele hakuna gari na inadimu ikiona taa. Inaona nini? Inaona taa. Taa za mbele za anayekuja na taa za nyuma za unayemfuata. Sasa njoo kwetu usiku, toka Bunju au Kongowe huko pasipo na taa za barabarani, nani yuko barabarani? Guta la mkaa halina taa, baiskeli haina taa, bodaboda taa ya nyuma ilishakufa, mtu anatembea pembeni na tochi ya simu. Kamera haimwoni hata mmoja, inawapiga ful usoni wote, na yule wa bodaboda anayekuja na kataa kake kadogo kanakocheza cheza kamera inachelewa kumwelewa, ikimwelewa inadimu, ikimpoteza inapandisha, yeye anaona umempa taa mara mbili. Tena ukipigwa kokoto na lori ukabadilisha kioo, ile kamera inatakiwa ipimwe upya ikae sawa, na mafundi vioo wangapi wana hicho kifaa? Hapo sijagusa wale wanaobadilisha balbu na kuweka LED kwenye taa zilizotengenezwa kwa balbu za kawaida, mwanga unasambaa kila mahali, hiyo inahitaji barua yake.

Najua kuna atakayesema dereva ndo mwenye jukumu, sheria ipo, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, gari usiku iwe na taa basi. Nakubali. Siku ile Upanga ningemgonga yule mtoto nisingesimama mahakamani niseme sensa. Lakini wakubwa, dereva anawajibika kwa kitu anachokijua. Hii ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa nyumba usimwambie kuna kisima uani.

Siombi mzipige marufuku. Ninachoomba ni vidogo na naamini havihitaji bajeti ya kutisha. Kwenye ukaguzi, yule mkaguzi anayeangalia breki na matairi aizungushe na hiyo swichi, aangalie zikiwaka za mbele na za nyuma zinawaka, aifunike sensa kwa kiganja aone inashtuka, dakika moja imeisha. Wenye yadi, tafadhali, hakuna gari kutoka getini bila karatasi moja ya Kiswahili, moja tu, inaonyesha swichi ya gari hiyo, AUTO inafanya nini, unazimaje getini, taa za nyuma zinawaka lini, sensa iko wapi ili mtu asije akaiwekea juu yake boksi la tishu au lile zulia la dashibodi kama ninavyoona kila siku, ukiifunika yenyewe inajua ni usiku na unatembea na taa mchana kutwa. Mnauza gari milioni ishirini, thelathini, karatasi moja mnaiweza. Na skrini zibadilishwe lugha pale inapowezekana kabla mtu hajakabidhiwa, sio aanze kuhangaika na mafundi Gerezani mwenyewe.

Walimu wa udereva nyie ndo nawategemea kuliko wote. Mwanafunzi anajifunzia gari ya zamani, taa anawasha kwa mkono, anapata leseni, kesho anakabidhiwa gari inayojiwasha. Somo moja tu la hizi taa, na ndani yake muwaambie waziwazi kwamba taa uliyoiona mbele yako inaweza kuwa sio ya mtu, usiingie mpaka gari ipunguze mwendo na umwone dereva. Hilo waambiwe na wa bodaboda na wa bajaji kwenye vijiwe vyao, wao ndo wanaumia zaidi. Na trafiki, jioni mkimsimamisha mtu ambaye nyuma hana taa na mbele zinawaka, kabla ya faini mshusheni mmwonyeshe nyuma ya gari yake, wengi mtakuta wanashika kichwa, hawakujua.

Mimi kwa sasa nimeiacha AUTO. Nikiwasha gari asubuhi nawasha taa kwa mkono na zinawaka mpaka nazima gari, mvua jua, kwa sababu taa inayowaka muda wote haimdanganyi mtu, haiji ghafla. Kila siku nachezeshewa viganja kuanzia Tabata mpaka Posta, taa taa taa, vijana wa bodaboda wananifuata kabisa dirishani kaka umesahau taa, nawashukuru wote na ninaendelea hivyo hivyo.

Jua letu linazama saa kumi na mbili na robo hivi, ikichelewa sana saa moja kasorobo hivi, na likishazama giza linashuka haraka, halingoji. Naomba mmoja wenu, yeyote, siku yoyote ya kazi, aje tusimame wote pale Tabata Relini kwenye barabara ya Mandela kuanzia saa kumi na mbili kamili mpaka saa moja, tuhesabu kwa kidole gari zinazopita mbele zinawaka nyuma giza. Kiti nitaleta mimi.

Wenu,
Dereva wa Tabata